Shimo Jeusi na Mawimbi ya Uvutano: Uchunguzi wa Istilahi

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache za elimu ya nyota ambazo zimeingia katika Kiswahili bila kupita mlangoni. Tunasema hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya istilahi za sayansi tunazozitumia vitabuni zilijadiliwa kwanza na watu waliokaa pamoja, zikapimwa, nyingine zikakataliwa na nyingine zikakubaliwa, ndipo zikachapishwa. Hizi tunazozizungumzia zililetwa na habari za redio na magazeti, mara nyingi siku ileile zilipotangazwa ng'ambo, na mtafsiri aliyekuwa zamu hakuwa na nafasi ya kumwuliza mtu. Matokeo yake ni kwamba kitu kimoja huitwa shimo jeusi katika gazeti moja na tundu jeusi katika jingine. Jambo la pili, ambalo ni jamaa wa lile la kwanza, huitwa mawimbi ya mvutano, au mawimbi ya uvutano, au mawimbi ya graviti, au mawimbi ya nguvu za uvutano. Na tumewahi kuyakuta majina mawili kati ya hayo katika habari moja ya aya sita.

Huenda msomaji akasema kwamba nyota ziko mbali na majina yake hayamzuii mtu kupata ugali wake. Ni kweli. Lakini mwanafunzi anayesikia habari hizi kwa Kiswahili hana kitu kingine cha kushika ila jina. Mwenzake anayesoma kwa Kiingereza akipotoshwa na jina, ana vitabu kumi vya kumrudisha njiani. Huyu wetu hana hata kimoja. Jina likimwambia kwamba mbinguni kuna tundu linalonyonya dunia, atalibeba wazo hilo mpaka uzee wake, na atawafundisha hivyo wanawe. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kwanza kitu chenyewe ni nini, kwa kadiri utafiti wa vyuo vikuu ulivyokwisha kukibainisha, kisha tuyapime majina juu ya kitu hicho, wala si juu ya neno la Kiingereza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1783 kasisi Mwingereza aliyeitwa John Michell alipeleka mbele ya Chama cha Kifalme cha London hesabu iliyoonyesha kwamba, kama pangekuwa na nyota yenye msongamano kama wa jua letu lakini yenye upana mara 500 ya jua, basi nuru yake yenyewe isingeweza kuondoka. Ingerudishwa na uvutano wa nyota hiyo kama jiwe lililorushwa juu. Mfaransa Pierre-Simon Laplace alifikia wazo kama hilo mwaka 1796. Kisha likasahauliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Albert Einstein alipokamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla mwezi Novemba 1915, Mjerumani Karl Schwarzschild, aliyekuwa askari katika vita vya wakati ule, alizitatua hesabu zake kwa ajili ya gimba moja la mviringo, na jibu lake likachapishwa mwaka 1916, mwaka uleule aliofariki. Ndani ya jibu hilo mlikuwa na mpaka wa ajabu. Gimba lolote likibanwa mpaka likawa dogo kuliko kipimo fulani, nuru haitoki tena. Kwa jua kipimo hicho ni kilomita 3 hivi kutoka katikati. Kwa dunia yetu ni milimita 9, yaani dunia nzima, pamoja na milima na bahari zake, ingepaswa kubanwa iwe kama gololi ya mtoto.

Hakuna mkono wa kubana hivyo, ila uvutano wa nyota kubwa mno iliyokwisha nishati yake. Mhindi kijana, Subrahmanyan Chandrasekhar, alihesabu mwaka 1930, akiwa safarini kwa meli kwenda Uingereza, kwamba nyota iliyozimika haiwezi kujizuia isiporomoke ikiwa tungamo lake limepita kiasi fulani. Kiasi hicho sasa hukadiriwa kuwa mara 1.4 ya tungamo la jua. Mwaka 1939, huko Chuo Kikuu cha California, J. Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake Hartland Snyder walionyesha kwa hesabu jinsi nyota inavyoweza kuporomoka ndani ya nafsi yake bila kikomo. Kwa hiyo kitu kilikuwapo kwenye karatasi miaka mingi kabla hakijapewa jina ambalo leo kila mtu analijua.

Hapa ndipo mambo ya lugha yanapoanza, na tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana historia ya jina hili inafundisha. Wataalamu wa nchi za Magharibi walikuwa wakiliita nyota iliyoporomoka. Wataalamu wa Kirusi wakaliita nyota iliyoganda, kwa kuwa mtu anayeitazama kutoka mbali angeona kuporomoka kwake kunakwenda polepole, polepole zaidi, mwishowe kunasimama kama kitu kilichoshikwa na barafu. Majina yote mawili yalikuwa ya kweli, kila moja kwa upande wake: moja lilisema habari za nyota yenyewe, la pili lilisema habari za mtazamaji. Robert Dicke wa Chuo Kikuu cha Princeton, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizoea kukifananisha kitu hicho na chumba cha gereza katika ngome ya Calcutta, ambamo wafungwa wengi wa Kiingereza walikufa mwaka 1756 kwa kusongamana. Chumba hicho kwa Kiingereza kilijulikana kama shimo jeusi. Jina likachapishwa katika gazeti la sayansi la Marekani mwezi Januari 1964, na mwandishi Ann Ewing. Lakini aliyelitia nguvu ni John Wheeler, naye wa Princeton, aliyelitumia katika mihadhara yake kuanzia mwaka 1967. Alisema mwenyewe kwamba alilipata kwa mtu mmoja katika hadhira, aliyechoka kusikia maneno marefu. Wafaransa walisita kwa muda kulitafsiri, kwa sababu katika lugha yao lilikuwa na maana isiyofaa kutajwa mbele ya wakwe. Wengine wakapendekeza nyota iliyofungika. Mwishowe nao wakashindwa, wakafuata mkumbo.

Tumeyataja haya ili ieleweke kwamba jina hili halikutokana na uchunguzi wa kitu. Lilitokana na mzaha wa gereza la kikoloni na uchovu wa msikilizaji mmoja. Anayedhani kwamba Kiswahili kinalazimika kulifuata neno kwa neno, kwa kuwa ndilo jina la kisayansi, hana hoja. Likifuatwa, na lifuatwe kwa sababu nyingine.

Tena lipo jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawakuambiwa. Ushahidi wa kwanza wenye uzito kwamba vitu hivi vipo kweli mbinguni ulipitia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka katika jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, jukwaa lililoendeshwa na Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma chini ya Profesa Luigi Broglio, roketi ya Marekani ilirusha setilaiti ndogo ya kupokea eksirei zitokazo kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, na kwa heshima ya wenyeji setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake iliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Miongoni mwa vitu ilivyovitazama ni kile kinachojulikana kama Cygnus X-1, katika kundi la nyota ambalo jina lake lenye asili ya Kiarabu ni Dajaja, yaani kuku. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei za kitu hicho zilikuwa zikipungua na kuongezeka ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja. Na kitu kinachobadilika upesi namna hiyo hakiwezi kuwa kipana. Kisha Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton wa Chuo Kikuu cha Toronto, wakaona kwamba kando yake ipo nyota kubwa inayozungushwa kila baada ya siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, mwenye tungamo kubwa mno asiweze kuwa nyota ya kawaida iliyozimika. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yanampa mwenzi huyo tungamo la mara 21 ya jua. Orodha ya nne ya setilaiti hiyo, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vingi kati yake bado huandikwa na wanafizikia wa dunia nzima kwa tarakimu 4 ikifuatwa na herufi U. Herufi hiyo ni ya neno letu. Wengi wanaoiandika hawajui.

Sasa tuyapime majina. Kati ya tundu na shimo, sisi tunasema shimo, na sababu yetu ni ya Kiswahili. Tundu ni upenyo: tundu la sindano, tundu la ufunguo, tundu la pua. Kitu huingia huku kikatokea kule. Hivyo anayesikia tundu jeusi huuliza mara moja: na upande wa pili kuna nini? Swali hilo limewatajirisha watunzi wa hadithi na sinema, lakini utafiti hauna ushahidi wowote wa upande wa pili. Aidha, tundu ni makazi ya kuku na ndege, na kwa kawaida ni kitu kidogo. Shimo lina ukingo na lina chini. Aliyesimama mbali na ukingo hana neno. Aliyeuvuka anaanguka, na kutoka ni kazi. Katika mambo hayo mawili, yaani kwamba pana ukingo na kwamba hakuna kurudi, shimo limesema kweli.

Hata hivyo shimo lina kasoro yake, wala hatutaificha. Shimo ni kitu kilichobaki baada ya udongo kuondolewa. Kwa hiyo ni upungufu, ni mahali patupu. Kitu tunachokizungumzia si kitupu. Ni tungamo la nyota nzima, au la nyota mamilioni, lililokusanywa pamoja. Tulifikiria gimba jeusi, kwa vile gimba ni neno lililokwisha kutumika kwa vitu vya mbinguni, nalo lina uzito wake. Lakini gimba jeusi laweza kuwa sayari isiyo na mwanga, au nyota iliyopoa, au hata jiwe. Lingeondoa kosa moja na kuleta matatu. Nyota iliyozama nalo ni jina zuri la kishairi, ila halifai kwa yale makubwa yaliyo katikati ya makundi ya nyota, ambayo asili yake bado inachunguzwa, wala hatuwezi kudai kwamba kila moja lilikuwa nyota. Kwa hiyo tunaliacha shimo jeusi lisimame, kwa kuwa limeshaenea, na kwa kuwa kasoro yake inaweza kuzibwa na maelezo.

Maelezo hayo hapana budi yaanze kwa kufuta vitenzi viwili. Magazeti hupenda kuandika kwamba shimo jeusi hunyonya na humeza kila kitu. Halinyonyi. Kama jua letu lingegeuka shimo jeusi usiku huu, bila kupoteza tungamo lake (jambo ambalo haliwezi kutokea, maana jua ni dogo mno), dunia yetu isingevutwa hata hatua moja. Ingeendelea kulizunguka kwa siku 365 kama kawaida, ila gizani na katika baridi ya kuua. Uvutano wa gimba hutegemea tungamo lake na umbali uliopo, si jina lake. Kinachozidi ni kwamba shimo jeusi, kwa udogo wake, humruhusu mtu alikaribie sana, na hatari iko katika ukaribu huo. Vitenzi vinavyofaa ni kuvuta na kutumbukia. Shimo huvuta kama gimba lolote linavyovuta. Kinachotumbukia ni kile kilichovuka ukingo.

Ukingo wenyewe nao umekosa jina zuri. Tumeona ukiitwa upeo wa tukio, tafsiri ya neno kwa neno. Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo atafahamu kilele cha jambo, kama tusemavyo upeo wa hadithi pale mambo yanapofikia ukali wake. Hilo silo lililokusudiwa. Lakini neno upeo lenyewe halina makosa, bali linatufaa sana. Baharia anajua upeo wa macho: ndipo macho yanapokoma, si ndipo bahari inapokoma. Jahazi likiupita, halikuzama. Limetoka tu katika uwezo wa kuonekana. Na shimo jeusi lina upeo wa namna hiyo, ila kinachokoma hapo ni nuru. Tunapendekeza basi upeo wa nuru. Picha iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, iliyotengenezwa kwa kuunganisha darubini 8 za redio zilizotawanyika katika pembe mbalimbali za dunia, ilionyesha duara la moto kulizunguka giza katikati ya kundi la nyota la M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Tungamo la shimo hilo ni mara bilioni 6.5 ya jua. Giza lile si upeo wa nuru wenyewe. Ni kivuli chake, nacho ni kipana kuliko upeo kwa sababu nuru hupindishwa kabla haijaufikia. Magazeti yaliyoandika kwamba shimo jeusi limepigwa picha yalitumia uhuru wa uandishi. Kilichopigwa picha ni kivuli cha shimo.

Darubini mbili kati ya zile nane ziko kisiwani Hawaii, na Profesa Larry Kimura wa chuo kikuu cha huko Hilo alitakiwa alipe shimo hilo la M87 jina kwa lugha ya wenyeji. Akalipa Pōwehi, jina alilolitoa katika Kumulipo, utenzi wa kale wa Kihawaii unaosimulia kuumbwa kwa ulimwengu; maana yake ni chimbuko la giza lililopambwa, la kuumba kusikokoma. Jina hilo limetusisimua, na tunadhani wapo watakaouliza kwa nini sisi tusifanye vivyo hivyo. Lakini tutofautishe. Pōwehi ni jina la kitu kimoja, kama Kilimanjaro lilivyo jina la mlima mmoja. Istilahi ni jina la jinsi ya vitu, kama mlima. Washairi wetu wakitaka kuyapa mashimo majina, milango iko wazi. Kamati za istilahi zina kazi nyingine.

Tuje sasa kwenye mawimbi. Neno wimbi halina mgogoro, na tena lina hekima ndani yake, maana kila mtu wa pwani anajua kwamba wimbi hupita na maji hubaki. Kifuu kinachoelea hupanda na kushuka palepale. Mgogoro uko katika neno linalofuata.

Mvutano tunalikataa. Kwanza, matumizi ya kila siku yamekwisha kulichukua: mvutano ni ugomvi wa pande mbili ambazo hakuna inayokubali kuachia kamba. Kichwa cha habari kinachosema kwamba mawimbi ya mvutano yamegunduliwa kati ya nyota mbili chaweza kusomwa kama habari za siasa. Pili, silabi m katika maneno ya namna hii huelekea kutaja tendo linalotokea mara moja au kwa kipindi, kama mgongano na mkutano, ilhali u hutaja hali au tabia ya kudumu, kama upendano na ushirikiano. Uvutano ni tabia ya kila chenye tungamo, hauanzi wala haukomi. Graviti ni neno lililotoholewa vizuri, wala hatulidharau. Lakini tusitohoe tunachoweza kukijenga kwa mzizi wetu. Kuhusu mawimbi ya nguvu za uvutano, hilo ni kosa la elimu na si la lugha tu. Katika nadharia ya Einstein uvutano si nguvu inayorushwa kutoka gimba moja kwenda jingine. Ni mpindo wa anga na wakati wenyewe, na wimbi ni mtikisiko unaosafiri katika mpindo huo, kwa mwendo wa nuru. Wimbi likipita halimvuti mtu kulielekea. Humrefusha upande mmoja na kumbana upande mwingine, kisha kinyume chake, kama kanga iliyoshikwa pembe zake na watu wanne wanaovuta kwa zamu.

Einstein aliyabashiri mwaka 1916, naye mwenyewe akawa na mashaka juu yake kwa miaka mingi. Joseph Weber wa Chuo Kikuu cha Maryland ndiye aliyethubutu kwanza kuyatega. Alitundika magogo ya alumini yenye uzito wa zaidi ya tani moja, akayafungia vipokezi, na mwaka 1969 akatangaza kwamba yametikisika. Maabara nyingine zilijenga magogo kama yake zisipate kitu. Jina lake liliharibika, lakini sisi tunamhesabu kuwa mwanzilishi, maana kabla yake hakuna aliyejaribu. Ushahidi wa kwanza uliosimama ulikuja kwa njia ya pembeni. Mwaka 1974 Russell Hulse na mwalimu wake Joseph Taylor, wote wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, waligundua nyota mbili ndogo nzito, yaani nyota za nyutroni, zinazozungukana kwa muda wa saa 7 na dakika 45. Vipimo vya miaka mingi vilionyesha kwamba muda huo unapungua kila mwaka kwa takriban sehemu 76 za milioni za sekunde. Nyota hizo zinakaribiana kwa sababu zinapoteza nishati, na kiasi wanachopoteza kinalingana na kile ambacho mawimbi ya Einstein yangechukua. Walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993.

Wakati huohuo Rainer Weiss, katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, alikuwa ameandika taarifa mwaka 1972 juu ya chombo cha aina nyingine. Kip Thorne wa Chuo cha Ufundi cha California na Ronald Drever, aliyetoka Chuo Kikuu cha Glasgow, wakaungana naye. Chombo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama LIGO, ni mikono miwili ya mabomba yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja, iliyoungana kama herufi L. Mwale mmoja wa leza hugawanywa mara mbili, kila nusu ikapita katika mkono wake, ikagonga kioo cha kilo 40 kilichotundikwa kwa nyuzi za kioo, ikarudi. Nusu hizo mbili hupangwa ili zikikutana zizimane. Mkono mmoja ukirefuka hata kidogo, kuzimana kunavurugika na mwanga unatokea. Vyombo viwili vya namna hiyo vilijengwa nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, umbali wa kilomita 3,000 hivi, kwa sababu lori likipita karibu na kimoja haliwezi kukitikisa cha pili.

Tarehe 14 Septemba 2015 Livingston kilitikisika, na baada ya sehemu 7 za elfu za sekunde kikatikisika Hanford, kwa namna ileile. Mashimo meusi mawili, moja la tungamo la mara 36 ya jua na jingine mara 29, yalikuwa yamezungukana na kuwa moja, miaka bilioni 1.3 iliyopita. Shimo lililopatikana lilikuwa la mara 62. Msomaji aliyejumlisha ameona kwamba zimepungua tatu: tungamo la majua matatu lilikuwa limegeuka mawimbi katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na wimbi hilo, lilipotufikia, lilibadili mkono wa kilomita 4 kwa takriban sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Habari ilitangazwa tarehe 11 Februari 2016, baada ya miezi mitano ya kuhakiki, na Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2017 ikawaendea Weiss, Thorne na Barry Barish, aliyeusimamia ujenzi. Drever alikuwa amefariki mwezi Machi mwaka huohuo. Kufikia mwaka 2025 orodha ya matukio yaliyonaswa na vyombo hivyo, pamoja na Virgo cha Italia na KAGRA cha Japani, ilikuwa imepita 200.

Kazi ya tafsiri nayo ilifanyika, na si sisi tulioifanya. Corey Gray, fundi wa chombo cha Hanford, ni mtu wa taifa la Siksika, wenyeji wa asili wa Kanada, na mama yake Sharon Yellowfly aliifasiri taarifa ya ugunduzi kwa lugha yao. Hakukuwa na neno la mawimbi haya. Akaunda jina linalomaanisha mawimbi yanayoshikamanisha, kwa hoja kwamba uvutano ndio unaoshikamanisha vitu. Tazama kwamba hakutafsiri neno. Aliuliza kwanza jambo lenyewe hufanya kazi gani. Kisha tazama kwamba mzizi wetu wa vuta, ukiongezwa an ya kutendana, unakaribia sana wazo lake.

Kwa hiyo tunapendekeza mawimbi ya uvutano yawe ndiyo istilahi pekee. Lakini lipo shauri moja la kuambatana nalo, ambalo likipuuzwa litatuletea fujo. Katika elimu ya bahari na ya hewa yapo mawimbi mengine, yale ya kawaida juu ya maji na yale yanayopanga mawingu kwa mistari, ambayo husukumwa na uzito wa maji au hewa iliyoinuliwa kurudi chini. Kwa Kiingereza majina ya aina hizi mbili yanatofautiana kwa silabi chache tu, na hata waandishi wao huyachanganya. Sisi tunayo nafasi ya kuyatenga mapema. Haya ya maji na hewa yaitwe mawimbi ya uzito, maana ni uzito unaoyarudisha, na kila mvuvi ataelewa.

Yamebaki madogo mawili ambayo hatujayamaliza. Wataalamu huugeuza mtikisiko ulionaswa kuwa sauti, nayo husikika ikipanda kwa haraka kama mlio wa kifaranga, kisha ikakatika. Mlio unatosha, mradi mwandishi aseme kwamba ni mtikisiko uliogeuzwa, wala si sauti iliyosafiri mbinguni, ambako hakuna hewa ya kuibeba. La pili ni gumu zaidi, nalo ni tendo la mashimo mawili kuwa moja. Kugongana hakufai, kwa kuwa hakuna ganda la kugonga. Kumezana kunarudisha kosa tulilolifuta juu. Kuungana ni sahihi, ila jina lake, muungano, limejaa siasa kiasi kwamba mwanafunzi wa Tanzania atatabasamu. Mwaka 1971 Stephen Hawking wa Chuo Kikuu cha Cambridge alithibitisha kwa hesabu kwamba eneo la upeo wa shimo linalopatikana haliwezi kuwa dogo kuliko jumla ya maeneo ya yale mawili ya awali, na tukio lililonaswa tarehe 14 Januari 2025 lilimpa haki: kilomita za mraba 240,000 hivi, karibu sawa na eneo la Uganda, zilikuwa takriban 400,000 baada ya tendo hilo. Hivyo neno tunalolitafuta lisiashirie kupungua. Mpaka sasa tunatumia kuungana kama kitenzi, na uunganaji kama jina, tukisubiri maoni ya walimu wa fizikia na ya wasomaji walio na neno bora kutoka lahaja zao.